Mzee Kinyumenyume na Kichochoro Alichokibakiza

Marehemu, ambaye sisi wa nyumbani tulimwita Babu na mji mzima ukamwita Mzee Kinyumenyume, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948 katika chumba cha uani, nyuma ya karakana ya baba yake aliyekuwa fundi saa. Alikuwa kitinda mimba. Mtaa huo ulibomolewa akiwa kijana ili kupisha barabara kuu, na mahali pa chumba kile leo pana taa za kuongozea magari. Kila alipopita hapo na watu aliwaambia, "Sogeeni kidogo jamani, mmekanyaga kitanda cha mama." Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akangoja kweli mpaka wasogee.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya mahakama ya zamani, kisha sekondari, akahitimu mwaka 1968. Alipenda sana historia, lakini alichelewa karibu kila asubuhi kwa kuwa hakupenda kurudia njia aliyopita jana.

"Wewe, shule imehamishwa?" mwalimu alimuuliza.

"Hapana, mwalimu. Ni mimi niliyehamisha njia."

Alipewa adhabu ya kufagia darasa, na mwenyewe alikiri kwamba alistahili.

Mwaka 1970 aliajiriwa na jumba la makumbusho kuwa mwongoza wageni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008. Aliwatembeza watu kwenye mnara wa saa, lango la ukuta wa kale na gati la zamani, kisha akawaingiza katika vichochoro ambavyo hata wenyeji huvipita bila kuviona: cha wafua bati, cha wapiga chapa, na kile ambacho mtu mnene hukipita kwa ubavu. Kwake ilikuwa utovu wa adabu kumpa mgeni kisogo. Kwa hiyo alitembea kinyumenyume, akisimulia huku akiwatazama usoni, nyayo zake zikijua kila ngazi na kila mtaro. Jina lake lilitoka hapo.

Siku moja mwaka 1974 nyayo zilimdanganya. Katika kichochoro cha washonaji aliigonga meza ya binti mmoja, akaangukia rundo la vitambaa mbele ya wageni wake wote.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?" binti alimuuliza.

"Samahani, dada. Jana meza hii haikuwepo hapa."

"Haikuwepo. Na wewe kesho usiwepo."

Kesho yake alikuwepo, bila wageni, akitembea kama watu wengine. Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1976 na wakajaliwa watoto watatu.

Bibi alikuwa na ombi moja tu katika ndoa hiyo: naye atembezwe.

"Na mimi zamu yangu lini?"

"Wewe si mwenyeji, mama watoto? Mji haukimbii. Jumapili."

Jumapili ikija, kuna wageni. Ikija nyingine, mtoto ana homa, au nguo za watu hazijaisha kwenye cherehani, au mvua. Bibi hakugomba. Ila mgeni alipofika nyumbani na kusifia mahali ambapo yeye hajawahi kupaona, Bibi alirudi kwenye cherehani yake, na Babu aliisikia ikikimbia kuliko kawaida.

Mwezi Machi 2022 Babu alipata kiharusi, na miguu ikakataa. Hapo ndipo alipoanza kumtembeza Bibi. Kila alasiri Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, akaketi kando ya kitanda.

"Umevaa viatu?"

"Nimevaa."

"Haya, tuko langoni. Nishike mkono, hapo mbele pana dimbwi."

Na Bibi aliinua mguu. Waliuzunguka mji hivyo, wakipumzika alipochoka, na hata kubishana njiani. "Hapa tulipita juzi, baba watoto." "Juzi tulipita upande wa juu. Ulikuwa unasinzia."

Kilibaki kichochoro kimoja, kinachoshuka kwa ngazi nyuma ya posta ya zamani. Huko hakuwahi kumpeleka mgeni yeyote, na kitandani alikataa kukisimulia. "Hicho nimekuwekea wewe," alimwambia. "Nikipata nafuu tutakwenda kwa miguu."

Nafuu haikuja. Babu alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bibi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada yake mkubwa, na wenzake wa makumbusho ambao bado wanaitafuta sauti yake kwenye ngazi.

Ndugu waombolezaji, mtaona kwamba leo hatuendi makaburini kwa njia ya mkato. Gari litasimama nyuma ya posta ya zamani, kwa kuwa kichochoro ni chembamba, na wanawe na wakwe zake watambeba mabegani kushuka zile ngazi. Bibi atakuwa nyuma yake. Hatujui Babu alitaka kumwonyesha nini pale. Tunawaomba twende polepole na kwa utulivu, ili Bibi apate kutazama. Viatu ameshavaa. Na Babu, kwa mara ya kwanza, atatutangulia bila kutugeukia.

Yeye na miguu yake, wapumzike kwa amani.