Nilivyosali Kwenye Matope ya Madibira

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wengi hapa mtaani kwetu Soweto mnanifahamu, mimi ndiye fundi mwashi niliyejenga mnara wa kanisa letu jipya. Leo sijasimama kuusifia. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyoniokoa nao.

Nilikuwa nimelewa jengo. Nikilala naota nondo, nikiamka nawaza kenchi za paa. Asubuhi ukungu ukiufunika mnara, ikabaki ncha tu inaelea, nilisimama chini nikitazama mpaka chai inapoa mkononi. Jamani, kiburi ni kitamu!

Kipindi hicho mimba ya mke wangu, Eliza, ilitoka. Aliniomba kitu kimoja tu, tusali pamoja. Nikamwambia asubiri, madhabahu inakaribia kuisha, tutasali mle kwa heshima. Ndugu zangu, nilimjibu hivyo mwanamke anayelia! Hakuniomba tena. Alikwenda kwa mama yake Madibira, msimu wa kupandikiza mpunga, na hakurudi.

Siku chache kabla ya uzinduzi nilimfuata, nimevaa suti, nikitaka akae nami kiti cha mbele watu watuone. Nilifika mapema. Maji yalikuwa yametulia kwenye majaruba ya mpunga, mbingu yote imelala mle ndani, na wanawake wakitembea taratibu juu ya mawingu, miche mikononi. Kimya kabisa. Nikadhani bado niko safarini, nimesinzia.

Kumbe walikuwa wanajipanga kusali kabla ya kazi. Walishikana mikono, wakafanya duara, matope yamefika magotini. Eliza aliniona akainamisha macho. Nikaingia na viatu vyangu, nikajikuta kando ya mama mkwe. Kwetu mkwe hashikwi mkono, basi nikabaki mikono inaning'inia. Mama akachukua fungu la miche, akashika upande mmoja, upande wa pili akaninyooshea.

"Shika hapo, mwanangu. Leo sali wewe."

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka! Mimi, mzee wa kanisa! Miaka yote ile nilikuwa nimeombea saruji na mabati tu. Nilitafuta neno la kumwombea mke wangu, sikulipata. Mwisho nikasema, "Yesu, mtoto wetu amekufa, na mimi sikumlilia."

Basi. Nikaanguka magoti, suti na kila kitu, nikalia kwa sauti mpaka kifua kikawa chepesi. Nilifunguliwa pale pale, ndugu zangu! Hapakuwa na kengele wala vioo vya rangi. Nilipoinua uso, Eliza alikuwa amepiga magoti majini mbele yangu, naye analia.

Kanisa lilizinduliwa bila mimi. Siku hiyo nilikuwa napandikiza mpunga, mistari yangu imepinda, wanawake wananicheka, na Eliza akicheka kuliko wote.

Jengo letu ni zuri, tulitunze. Lakini wewe unayesubiri mahali pazuri ndipo umwambie Yesu shida yako, mwambie leo, hata ukiwa jikoni. Nashukuru kwa kunisikiliza. Mtoto wetu yule tuliyempoteza tulimpa jina pale pale majini. Anaitwa Amani, na mimi ni baba yake.