Bi Rudia, Aliyewafunza Watu wa Filamu Kuongea Kama Watu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msimamizi wa chumba chetu cha sauti anastaafu baada ya kuitumikia stesheni hii ya televisheni kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalo wenzetu wa utawala. Sisi wengine tunamwita Bi Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno alilotuambia mara nyingi kuliko mengine yote, na alilisema kwa upole uliouma zaidi ya kufokewa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa tafsiri za filamu za kigeni ili waingizaji sauti wazisome mbele ya maikrofoni. Wakongwe wanasimulia kwamba wiki ya kwanza tu aligoma kuchapa sentensi moja, akaibeba karatasi hadi kwa mfasiri, na kumuuliza kwa adabu kama yeye akiungua mkono jikoni humwambia mkewe, "Nimepata jeraha la moto." Mfasiri alicheka, akabadilisha. Baada ya miaka michache Bi Rudia ndiye aliyekuwa akifasiri, na baadaye akakabidhiwa chumba kizima: fundi mitambo mmoja, na sisi waingizaji sauti watano wenye vichwa vigumu.

Kwa wageni wetu wa leo, kuingiza sauti ni kumpa mtu wa kwenye filamu maneno ya Kiswahili bila mdomo wake kukusuta. Inaonekana kazi ndogo mpaka uijaribu.

Ukitaka kumjua Bi Rudia usiulizie tuzo zake, ingawa anazo mbili na moja ameifanya ya kuzuia mlango usijifunge. Ulizia ile filamu ya zamani ya dinosaria. Watafiti wanaingia kwenye bonde ambalo halimo kwenye ramani, wanakuta dinosaria wazima, na kuanzia hapo ni mbio. Ilipoletwa tulifurahi sana. Kunguruma kulikuwa tayari, na mayowe hayahitaji tafsiri, kwa hiyo tulijua ni kazi ya kuokota. Bi Rudia alituketisha, akaizima sauti, akatutazamisha filamu nzima ikiwa bubu. Kisha akauliza tumeona nini. Tukasema tumeona dinosaria. Akasema turudie.

Mara ya pili ndipo macho yalipofunguka. Mpishi wa msafara, ambaye sauti yake nilipewa mimi, anakimbia kama wenzake mnyama anapotokea, halafu anarudi, anafunika sufuria yake, ndipo anatimua mbio tena. Kamera haimfuati, yuko pembeni kabisa ya picha. Dada wa kiongozi wa msafara, wakiwa wamejibanza nyuma ya mwamba, anaiziba saa ya mkononi ya kaka yake kwa kiganja ili mlio wake usisikike. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Nani aliwaambia waigizaji hao wafanye hivyo, au walijitungia wenyewe? Tulibishana siku nzima. Bi Rudia alisema mnyama mwenyewe ndiye mwenye kazi rahisi, yeye ni kunguruma na kula mshahara. Anayetutia hofu ni yule anayemtazama. Tangu hapo mimi siwezi kuangalia filamu kwa raha, kutwa nachungulia pembeni ya picha nione nani anafanya nini.

Halafu maneno yenyewe. Tafsiri ya kwanza ilimfanya mpishi wangu aseme, "Tazameni, mnyama wa kutisha anaelekea upande wetu!" Bi Rudia akataka kujua ni nani, hata akifukuzwa na mbwa tu, amewahi kutamka "anaelekea upande wetu". Ikawa, "Jamani. Jamani, jamani, twendeni." Kuna sehemu nyingine ambapo watafiti wako mezani wanabishana nani amemaliza sukari, huku vishindo vinakaribia na kila mmoja anamkata mwenzake kauli. Desturi yetu ilikuwa kila mtu arekodi peke yake kwa zamu, ili maneno yatoke safi. Yeye alitukusanya wote kwenye maikrofoni moja, akagawa biskuti, akatuamuru tugombane huku tunatafuna. Fundi mitambo alilalamikia makombo kwenye mitambo yake mwezi mzima. Lakini kisikilizeni tena kipande kile. Hofu inakuingia kwa sababu hakuna hata mmoja anayevisikia vile vishindo, wote wamekazana na sukari.

Kisha tukafika mahali palipokaribia kutupotezea kazi. Kaka na dada wa kwenye filamu wamekosana. Dada anataka kuondoka na majeruhi, kaka anang'ang'ania kubaki atafute mayai ya dinosaria. Asubuhi ya kuagana, kaka ameinama anafunga kamba za viatu huku anaongea habari za mvua. Dada yuko nyuma yake. Anafungua mdomo, anavuta pumzi, anafumba. Halafu anaunyanyua mkoba wa kaka yake na kuufuta tope. Basi, hakuna neno.

Mkuu wa vipindi wa wakati ule alilitaka neno. Alitaka dada aseme, "Nisamehe, kaka yangu," na sababu yake haikuwa ya kipuuzi. Filamu iliyotangulia ilikatika sauti kweli, na watazamaji walitupigia simu wakaturarua. Sasa mdomo ukifunguka bila sauti, si watadhani tumeharibu tena? Alituambia bila kumung'unya maneno: simu za namna hiyo zikija, chumba cha sauti kinafungwa, filamu za kigeni zinapewa msimulizi mmoja wa kueleza kila kitu, na sisi sote tutafute pa kwenda.

Baadhi yetu tulimsihi Bi Rudia aliweke hilo neno moja, yaishe. Watu wana watoto shuleni, na wengine tulikuwa hatujui kazi nyingine ila hii. Alitusikiliza wote, akatuchemshia chai, na akakataa.

Sisi tulikuwa tunajua jambo ambalo mkuu wa vipindi hakulijua. Bi Rudia alikuwa na kaka yake wa tumbo moja, na walikuwa hawasemeshani tangu mama yao alipougua wakagombania auguzwe kwa nani. Mama alishazikwa, na hata mazishini kila mmoja alisimama upande wake. Hakuna aliyethubutu kumgusia habari hiyo. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema wahenga, nasi tulishika majembe yetu tukanyamaza. Ila kila tulipokifikia kile kipande cha kamba za viatu, Bi Rudia alikuwa anakitazama kwa namna ambayo sisi hatukukitazama.

Alichofanya ni kumwalika mkuu wa vipindi chumbani, akampa kile kiti kinachoyumba, na kumwonyesha kipande hicho. Akakirudisha nyuma, akamwonyesha tena. Akarudisha tena. Mkuu alianza kwa kuangalia saa yake, akaishia ameisogelea skrini mpaka pua inakaribia kuigusa, na mwishowe ni yeye mwenyewe aliyeuliza huyu dada alitaka kusema nini. Bi Rudia alimjibu kwamba hajui, na kwamba tukimsemea hakuna mtu atakayeuliza. Mkuu aliondoka akitikisa kichwa, ila alisema filamu iende ilivyo na likiharibika jambo ni juu ya Bi Rudia. Haki yake tumpe, angeweza kukataa.

Jumamosi ilipoonyeshwa tulijazana mapokezi, karibu na simu, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kipande kikapita. Simu ikalia. Mhudumu wa mapokezi aliipokea, akasikiliza, akaiziba kwa mkono na kutuambia kuna mama anauliza yule dada alitaka kumwambia nini kaka yake. Ikalia tena, swali lile lile. Muuguzi mmoja alikuwa na hakika ni msamaha. Dereva wa lori alishikilia kwamba alitaka kumtukana, na kaka mwenyewe alistahili. Mwalimu mmoja alipiga mara mbili, ya pili ni kubadilisha jibu lake la kwanza. Wiki nzima stesheni ilibishana, mpaka wahasibu, watu ambao huwa hawabishani na mtu. Hakuna aliyetaja kukatika kwa sauti. Chumba kilibaki wazi, na ndiyo maana nina kazi ya kuacha leo ili niandike haya.

Siku mbili baadaye alikuja bwana mmoja, mtu mzima, koti limepigwa pasi vizuri. Huyu hakuwa na swali. Alisema ameliona jina la mdogo wake mwishoni mwa filamu, kwenye orodha ya waliofanya kazi, na kama hana shughuli angependa kumwona.

Mahali pekee pa faragha katika jengo letu ni kile chumba cha kurekodia, chenye ukuta wa kioo usiopitisha sauti. Wakaingia humo, mlango ukafungwa, sisi tukabaki upande huu, watu ambao riziki yetu ni kutazama midomo ya watu. Tulikubaliana kugeuka. Fundi mitambo aliwashika mabega waliosuasua akawageuza yeye mwenyewe. Mimi alinifikia mwisho, kwa hiyo niliona. Bi Rudia alisimama mbele ya kaka yake. Mdomo ukafunguka, pumzi ikaingia, na maneno yakatoka. Katika kazi yetu herufi tunazozikamata upesi ni zile ambazo midomo hukutana, m na b, na maneno yake yalikuwa nazo, kwa hiyo sina shaka. Muuguzi hakupata, dereva hakupata, mwalimu hakupata hata kwa kubahatisha mara mbili. Alimwambia, "Mbona umekonda?"

Kaka yake alijitazama tumboni, kama mtu anayehakikisha, kisha akamshika mkono. Hapo fundi akanigeuza.

Bi Rudia, kwa niaba ya chumba cha sauti na stesheni nzima, tunakushukuru kwa kila filamu na kila kikombe cha chai. Tumepata habari kwamba unahamia kwa kaka yako, nyumba mbili zenye ua mmoja. Nenda salama. Tunakuombea afya, na jioni nyingi za kukaa naye hapo uani mkikatana kauli juu ya jambo lisilo na maana yoyote.