Wageni wa Mama Selpha

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko juu ya kabati, ishushe. Wewe wa Obunga uliyebandika maharagwe, punguza moto kidogo, hayo maharagwe hayaendi popote. Mimi ni Rehma, na leo namkumbuka mtu mmoja ambaye wengi wenu mmekula kutoka mkononi mwake bila kujua jina lake. Jina lake ni Selpha Apondi. Selpha Apondi wa Manyatta. Ametutoka Jumapili iliyopita, hapa Kisumu, baada ya presha kumsumbua tangu mwaka jana.

Ukisema Selpha Apondi, watu wanafikiri kwanza. Ukisema Mama Wageni, kila aliyewahi kupanda meli hapa kwetu anageuka. Jina hilo lilitokana na neno moja tu. Na neno hilohilo lilimnyang'anya kazi aliyoipenda kuliko kazi yoyote duniani. Tulieni niwaeleze.

Mama Selpha alizaliwa Karachuonyo, ng'ambo ya ghuba, na akaolewa hukohuko, karibu na Kendu Bay. Mume wake, marehemu Zadock, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye aliyemleta Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Zadock alifariki mapema. Akamwachia mama huyu binti mmoja, Maximilla, na chumba kimoja cha kupanga Manyatta.

Mama akaenda Kibuye kuuza nguo za mitumba. Wakati huo Kiswahili chake, wasikilizaji, kilikuwa cha kuokota. Jirani yake sokoni alikuwa Mama Habiba, ambaye yuko nami hapa studio. Mama Habiba ni mzaliwa wa hapa mjini, na kwa Kiswahili hana mchezo. Nimemuuliza alimfundishaje mwenzake.

"Kwa chai," ananiambia. "Mimi nilikuwa na chupa ya chai. Yeye anasema, 'Habiba, nipe kikombe yangu.' Namwambia, hicho sikijui. Sema vizuri. Anakaa hivyo na kiu yake mpaka aseme 'kikombe changu.' Siku nyingine alikasirika akaenda kununua chai kwingine. Kesho yake akarudi. Akaniambia, 'Habiba, chai yao ni mbaya, nifundishe tu.'"

Alifundishika, jamani. Alifundishika mpaka kanisa lao la Manyatta likamfanya mkalimani. Mchungaji anahubiri kwa Dholuo, Mama Selpha anageuza kwa Kiswahili ili Waluhya na Wakisii wapate. Waliokuwa wakisali pale wanacheka mpaka leo. Mchungaji akirefusha sana, yeye anakata. Mchungaji akisema jambo zuri kwa ufupi, yeye analinyoosha mpaka watu waseme amina. Wengine, nasikia, walikuwa wanaenda kumsikiliza mkalimani. Shikeni hapo: Mama Selpha alikuwa mkalimani wa Kiswahili kanisani. Tutalihitaji hilo baadaye.

Mume wa Mama Habiba ni Mzee Hemedi. Mzee Hemedi alikuwa mpishi kwenye meli iliyoitwa Nyar Winam, meli ya kampuni moja ya utalii ambayo siku hizi haipo. Wenye umri wangu mnaikumbuka, nyeupe, ina mstari wa kijani. Ilizungusha watalii visiwani: Ndere, Rusinga, Mfangano. Na kwa kuwa watalii hawajazi meli kila wiki, ilibeba pia watu wetu wa kawaida, na magunia yao, na kuku wao. Mwaka 1986 meli ilihitaji mhudumu wa chumba cha kulia. Mzee Hemedi akamtaja Selpha.

Hapa nitawachekesha kidogo. Mama Selpha alikuwa anaogopa maji. Mtoto wa Karachuonyo, amekulia kando ya ziwa, na hajui kuogelea hata kidogo. Mawimbi yakianza, anashika meza kwa mkono mmoja na sinia kwa mkono wa pili, anaendelea kugawa supu. Mtalii mmoja akamuuliza kama anajua kuogelea. Akamjibu, "Mimi niliandikwa kugawa chakula. Kuogelea muulize kapteni."

Aliipenda kazi hiyo. Maximilla ananiambia mama yake alikuwa anapiga pasi sare yake Jumapili jioni huku anaimba, na hakuna siku nyingine ya wiki aliyoimba.

Sasa, ndani ya Nyar Winam kulikuwa na ngazi, na kwenye ngazi kulikuwa na mnyororo. Juu ya mnyororo, viti vya kitambaa. Chini ya mnyororo, mabenchi. Wa juu, ofisi iliwaita wageni. Wa chini, ofisi iliwaita abiria. Wageni juu, abiria chini. Safari ikienda sawa, hakuna aliyejali sana. Lakini safari ikiharibika, ndipo unaona tofauti. Injini ikizima, wageni wanaletewa soda na kuombwa msamaha, na meneja mwenyewe anawaeleza kitu gani kimetokea. Abiria wanaambiwa, "Bado kidogo." Mtu anakaa na hiyo bado kidogo tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Neno hilo, bado kidogo, Mama Selpha alilichukia. Kuna mara meli ilikufa injini Homa Bay. Akashuka ngazi, akasimama katikati ya mabenchi, akasema, "Watu wangu, leo hatuendi. Injini imekufa kabisa. Mwenye ndugu hapa Homa Bay aende akalale. Asiye na ndugu aje tukae pamoja." Akakemewa na ofisi. Akasema sawa. Na siku nyingine akafanya vilevile.

Twende sasa mwaka 1997. Gugu maji mnalijua, sina haja ya kuwaeleza. Mwaka huo lilikuwa limeziba ghuba yote, kijani kitupu, unaona ziwa unadhani ni shamba. Mwaka huohuo Mama Selpha aliahidiwa cheo. Angekuwa msimamizi wa wahudumu wote wa Nyar Winam. Fundi wa Kibuye alikuwa ameshampima suti ya bluu. Miaka yote ile ya kushika meza na sinia, na sasa suti ya bluu. Kilichobaki ni safari moja tu ipite salama.

Haikupita. Nyar Winam ilikuwa inarudi kutoka Mfangano. Ilipokaribia Kisumu, upepo ukageuka, magugu yakafunga mbele, yakafunga na nyuma. Panga la injini likajisokota majani, likanyamaza. Mji unauona. Gati unaliona. Kufika huwezi. Jua la mchana, joto, na maji ya kunywa ya deki ya chini yamekwisha.

Chini kulikuwa na wazee. Kulikuwa na Nelima, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, amepanda Homa Bay akielekea kwao Kakamega. Nelima amenipigia simu kutoka huko. "Mtoto alinyonya mpaka maziwa yakaisha," ananiambia. "Mimi mwenyewe tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Nikauliza kijana wa meli tutafika saa ngapi. Akasema, bado kidogo."

Kapteni Enos akaita ofisi kwa redio ya meli. Ofisi ikajibu. Jibu lenyewe Mzee Hemedi alilisikia kwa masikio yake, na Kapteni Enos amenithibitishia. Ofisi ilisema: "Hudumieni wageni wote. Kisha washusheni wageni wote kwa mashua za wavuvi." Basi. Abiria hawakutajwa.

Kapteni akamgeukia Mama Selpha. "Mama, umesikia. Wageni wote."

"Nimesikia, Kapteni," akasema. "Wote."

Akaenda kwenye ngazi. Akafungua mnyororo. Akawaambia wa chini, kwa Dholuo kwanza, "Welo, biuru uchiem." Kisha kwa Kiswahili, kama kanisani: "Wageni, njooni mle."

Mzee Hemedi alikuwa mlangoni mwa jiko. Ananiambia, "Nilimshika mkono. Nikamwambia, Selpha, wageni ni wale wa juu. Akaniambia, nani amesema? Nikamwambia, kila mtu anajua. Akasema, 'Basi mimi sijui. Bwana Hemedi, songa ugali.' Niliogopa, nakwambia kweli. Lakini nikasonga."

Wakala wote. Samaki wa watalii wakagawanywa, maji ya chupa yakagawanywa. Watalii hawakuwa na neno, kwa sababu hakuna aliyewaambia wanyanyue pua. Mmoja, mama mzee wa Kizungu, alikuwa amelia kwa kukosa ndege yake. Mama Selpha akamweleza ukweli: ndege imekwenda, mama, lakini wewe uko hapa, kula. Akala ugali kwa mkono, pembeni ya Nelima, akamshikia mtoto ili mwenzake naye ale.

Mashua za wavuvi wa Dunga zikafika, zinasukuma magugu kwa miti mirefu. Ni nani atangulie? Mama Selpha akasimama penye ngazi ya kushukia. "Mgeni mwenye mtoto kwanza," akasema. "Halafu mgeni mwenye umri. Halafu wengine." Hivyo ndivyo walivyoshuka. Nelima na mtoto wake, yule mama wa Kizungu, mzee mmoja wa Asembo na kuku wake, wote mashua moja. Mama Selpha alishuka wa mwisho kabisa, macho amefumba, ameshika shati la mvuvi.

Wiki iliyofuata akaitwa ofisini. Na yeye alijua anaitiwa nini. Meneja akamuuliza, "Mama, hujui tofauti ya mgeni na abiria?"

Wasikilizaji, fikirini hapo. Akisema najua, basi amevunja amri makusudi, na Hemedi aliyepika amevunja, na Kapteni Enos aliyenyamaza amevunja. Wote watatu wanakwenda nyumbani. Mama Selpha akainamisha kichwa.

"Meneja, unisamehe," akasema. "Mimi Mjaluo wa Karachuonyo. Kiswahili yangu nilijifunza soko. Kwa lugha yetu, mtu akifika na mzigo yake, huyo tunaita wendo. Wendo ni mgeni. Sasa mimi nilitafsiri hivyo."

Kiswahili yangu. Mzigo yake. Mkalimani mzima wa kanisa. Mama Habiba hapa studio anatikisa kichwa, anacheka na anafuta machozi. "Alijifanya hajui ili bwana wangu asifukuzwe," anasema. "Na mimi niliyemnyima chai kwa ajili ya hiyo *changu* nikaonekana mwalimu wa bure."

Meneja naye alicheka. Akasema Kiswahili cha Kisumu kitatuua sote. Hakumfukuza mtu. Lakini akasema msimamizi wa wahudumu lazima aelewe lugha ya kazi. Cheo akapewa mwingine. Mama Selpha akatolewa melini, akapelekwa stoo ya nchi kavu kufua mashuka, mpaka kampuni ilipofunga mwaka uliofuata. Watu wa kanisani wangeweza kwenda kumwambia meneja ukweli. Aliwakataza.

Mimi jambo hilo linaniuma, sitawaficha. Linaniuma mpaka leo. Yeye halikumuuma hivyo, au kama lilimuuma hakutuonyesha. Suti ya bluu fundi aliimaliza, naye akaivaa Jumapili kutafsiri mahubiri. Na siku za wiki aliweka meza ya chai karibu na lango la bandari. Mtu aliyekwama akija na mzigo wake, anamvutia kigoda. "Karibu, mgeni. Leo hakuna chombo, usidanganywe. Kunywa chai kwanza, halafu tufikiri utalala wapi." Ndipo watu wakaanza kumwita Mama Wageni.

Maximilla, binti yake, alikuwa naye wodini siku zile za mwisho. Kwa miaka mingi walikuwa wanabishana nyumbani, kwa kucheka tu: Mama alikosea kidogo, au hakukosea kabisa? Maximilla akamuuliza mara ya mwisho. Nasoma maneno yake alivyoniambia: "Nilimuuliza, Mama, siku ile ulikosea kweli neno? Alikuwa amefumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema, 'Nilikosea wapi? Niliangalia juu, nikaangalia chini. Sikuona mtu aliyekuwa kwake.'"



Maximilla, tunakupa pole. Pole kwa watu wa Karachuonyo, kwa kanisa la Manyatta, na kwa Mzee Hemedi na Mama Habiba waliompoteza dada. Mungu awape nguvu. Na wewe unayenisikiliza ukiwa nyuma ya dirisha la ofisi, au umeshika usukani, au una funguo za lango lolote: mtu akikwama mbele yako leo, kabla hujamwambia bado kidogo, mwangalie kwanza.

Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwa marehemu Zadock, karibu na Kendu Bay. Mama aliomba avushwe kwa maji, yeye aliyeyaogopa hivyo. Gugu bado lipo njiani, lakini wavuvi wa Dunga wako majini tangu jana na mapanga, wanamkatia njia. Mashua zitaondoka Dunga asubuhi, na atakayetaka kumsindikiza apande, hakuna atakayeulizwa ni ndugu au si ndugu. Mzee Hemedi amesema atapika yeye mwenyewe.

Jumamosi, wapendwa, Mama Selpha atakuwa kwake. Sisi ndio tutakuwa wageni.