Beseni ya Benny

NYIRAKAMANA: Alo? Alo... ni nani uyo?

KANYERE: Ni mie Kanyere, Mama. Jambo. Habari ya kule Keshero?

NYIRAKAMANA: Aa, Mama Benny. Habari ni mutoto wako. Tangu asubui anapiga beseni. Kichwa inanipasuka.

KANYERE: Nilimuleta ashinde tu kwako weye bibi yake, koko yake. Sasa Philomène jirani ananiambia pasta anakuya kumuchukua—

NYIRAKAMANA: Anakuya. Atamupeleka Lac Vert, ku chumba ya maombi. Atafunga kula mupaka pepo yenye inamufunga kinywa itoke.

KANYERE: Mutoto wa miaka sita afunge kula?

NYIRAKAMANA: Ata mie nilifungaka—

KANYERE: Haendi, Mama.

NYIRAKAMANA: Unasema?

KANYERE: Benny haendi Lac Vert. Niko juu ya moto, pikipiki, natoka Ndosho. Nakuya kumuchukua.

[Honi. Rezo ya simu inakatakata.]

NYIRAKAMANA: ...ulishasumbuka, binti yangu. Mara picha, mara ngoma, mara kumulalisha na mufuko ya maharagi juu ya kifua. Dawa ya kuchanganya ni sumu. Chagua moja.

KANYERE: Weye unapikaka sombe, majani ya muhogo, na kitu moja?

NYIRAKAMANA: Sombe ni chakula, Kanyere.

KANYERE: Unatia mawese, unatia kitunguu, unatia samaki ndogo za ndakala. Mbona hauchague moja? Mufuko inamutuliza mwili. Akitulia, picha zinamuingia. Na pale picha haiko, ngoma inasema. Mwalimu Élodie wa masomo yake anaunganisha vyote, na mie ku nyumba naunganisha. Kimoja-kimoja nilijaribu, Mama. Nililia tu.

NYIRAKAMANA: Na vinamufundisha nini? Mutoto hasemi.

KANYERE: Anasema.

NYIRAKAMANA: Sijasikia ata "Koko" mu kinywa yake! Ata siku moja!

[Kwa mbali, juu ya beseni: taa... ta-ta. Taa... ta-ta.]

NYIRAKAMANA: Unamusikia? Tena iyo pepo.

KANYERE: Namusikia. Mama, mupatie mayi.

NYIRAKAMANA: Nini?

KANYERE: Mayi ya kunywa. Tukimuonyesha picha ya kopo, tunamupigia ngoma vile. Moja pole, mbili haraka. Picha ilibaki kwangu, basi anapiga.

NYIRAKAMANA: Mbona haukuniambia?

KANYERE: Nilikuambia. Ulisema ni mambo ya bazungu.

[Mayi inamiminwa. Beseni inanyamaza.]

KANYERE: Alo? Mama?

NYIRAKAMANA: Amekunywa kopo yote. Sasa anapiga tena.

KANYERE: Vile vile?

NYIRAKAMANA: Vile vile. Ngoja, namuongezea... Kanyere, asubui nilimunyanganya hii beseni, akaichukua tena. Nilimupiga ku mikono.

KANYERE: Tutaongea hiyo siku ingine. Leo nataka tu mutoto wangu.

NYIRAKAMANA: Pasta eko ku mulango. Anabisha.

KANYERE: Usimufungulie! Niko karibu, niko ku kona ya—

NYIRAKAMANA: Nitamufungulia. Siwezi kumuacha mutumishi wa Mungu inje.

KANYERE: Mama, mie sitakubali, ata akuye na kanisa muzima! Utamuambia nini? Haraka, inite za simu zinaisha—

[Mulango unalia. Sauti ya mwanaume inaanza kuomba kwa nguvu. Taa... ta-ta.]

NYIRAKAMANA: Pasta, nyamaza kidogo. Mutoto anaongea.