Breki Anampokea Mama Mkwe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kahawa. Mguu wake mmoja ulishavunjika, tukauwekea tofali, na anayekaa upande wa tofali huanguka wenzake wakiinuka kwa pamoja. Wote wanalijua hilo, na bado hakosekani wa kuanguka. Wenye benchi ni watatu. Profesa alifagia madarasa ya chuo mpaka akastaafu, na anaamini elimu yote ilimpanda kupitia mpini wa ufagio. Rubani alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege. Ndege zikaruka, yeye akabaki chini na jina lake. Spana ana spana moja, ambayo mpaka leo haijaiona nati inayoienea. Asubuhi hiyo walikuwa na mgonjwa: pikipiki ndogo ya Breki, inayowaka vizuri hapa kijiweni, ikifika kwenye mashine ya kusaga inazima. Breki alikuwa anarudi nayo anaisukuma, na shati jeupe alilolivaa kwa ajili ya mama mkwe limeshakuwa kama dasta.

Mama mkwe alikuwa njiani. Mke wa Breki alirudi kwao baada ya pikipiki kumzimikia katikati ya daraja, ana homa, mvua inanyesha, na mume akamwomba ashuke wasukume. Mama mtu akapiga simu: "Nakuja kutazama mwenyewe. Ukinipokea stendi na hiyo pikipiki yako ukanifikisha nyumbani, mwanangu atarudi. Ikizima, nazibeba nguo zake zilizobaki." Akakata.

— Imezima tena, Breki akasema huku anahema.

— Palepale? Profesa akauliza.

— Palepale, mlangoni kwa mashine.

— Vizuri sana. Huo ni ugonjwa wenye ratiba.

— Profesa, basi la mama mkwe linaingia sasa hivi!

— Basi gani liliwahi kuingia sasa hivi? Kaa, unywe kahawa.

— Nikinywa kahawa, mke wangu harudi.

— Usipokunywa atarudi? Bibi, mmiminie huyu.

Nikammiminia. Kazi yangu ni kumimina.

— Kwanza petroli, Rubani akasema.

Kila matibabu pale huanza hivyo. Wanafungua kifuniko cha tangi, vichwa vitatu vinainama kama vinachungulia kisima, wanatikisa, wanasikia chubwi, wanaambiana kwamba petroli ipo, kisha wanafunga. Chini ya kifuniko wanatandika nailoni. Nailoni hiyo ni amri ya benchi. Mwezi uliopita Profesa aliona kifuniko kina kitundu kidogo kama cha sindano, akatangaza kwamba petroli inatorokea hapo usiku na ndiyo maana Breki haendelei kimaisha. Wakapiga kura, wakaziba, wakakaza. Aliyekitoboa kitundu kile kiwandani huenda alikuwa na sababu zake, lakini hakuwahi kukaa kwenye benchi letu. Pikipiki ilianza kuzima wiki ileile. Benchi halikuona uhusiano wowote. Halijawahi kuona.

— Hii ni plagi, Spana akasema. Aliichomoa, akaifuta kwa pindo la shati, akaipulizia kama uji wa mtoto, akairudisha. — Piga kiki.

Breki akapiga. Ikawaka.

— Mmeona mkono huo? Huu mkono ungekuwa wa mtu mwingine ungekuwa na gereji.

Breki akaondoka na vumbi. Tukamsikia anapanda, anapanda, anafika kwenye mashine. Halafu kimya.

— Labda amesimama kusalimia, Spana akasema.

Alirudi anasukuma.

— Spana ametibu dalili, Rubani akasema. — Mimi nimekaa na ndege. Chombo chochote kikilemea upande mmoja, kinazima kujihami. Kioo chako kiko kulia tu. Kihamishie kushoto.

— Kioo hiki kizito kiasi gani, kaka?

— Wewe unabishana na mtu aliyekaa na ndege?

— Ulikuwa unapakia masanduku!

— Na hata moja halikuwahi kuanguka. Fungua tangi kwanza tuone petroli.

Wakafungua, wakachungulia, wakatandika nailoni, wakafunga. Kioo kikahamia kushoto. Kiki moja, ikawaka. Rubani akaweka mguu mmoja juu ya mwingine kama mwenye kiwanja cha ndege. Breki akapanda, akafika kwenye mashine, kimya.

— Upepo wa leo, Rubani akanong'ona.

Breki akarudi tena anasukuma. Aliitegesha pikipiki, akaketi upande wa tofali, akashika kichwa. Simu yake ililia mfukoni. Aliitazama, akaiacha ilie.

— Ni yeye? nikamwuliza.

— Ni yeye, bibi.

— Pokea.

— Nimwambie nini?

Simu ikachoka yenyewe.

— Tulieni, Profesa akasema. — Nimeshaelewa. Nilikuwa nawaacha mkosee kwanza ili mjifunze. Inazima wapi? Kwenye mashine. Mashine inafanya nini? Inanguruma. Injini ndogo ikisikia injini kubwa inanguruma, inanyamaza. Ni heshima.

— Heshima? Spana akasema.

— Wewe mkweo akiongea, utapaza sauti?

— Mimi mkwe wangu haongei na mimi.

— Basi wewe si mfano. Dawa ni kuiziba masikio ipite pale bila kusikia.

— Masikio ya pikipiki yako wapi, Profesa? nikauliza, maana uzee si dhambi, na kuuliza si kosa.

— Kwenye taa, bibi. Ndiyo maana iko mbele.

— Na pua ni silensa?

— Bibi, mambo haya ni ya kitaalamu. Spana, lete kitambaa. Rubani, fungua tangi tuone petroli.

Tangi likafunguliwa, nailoni ikawekwa juu ya kiti, na Profesa akaanza kuifunga taa kitambaa kama mtu mwenye maumivu ya jino. Rubani na Spana wakarudi kwenye benchi, akili zao zote zikiwa kwenye fundo. Ndipo mwanamke mmoja akatokea upande wa stendi, begi kichwani, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi imekatika kamba. Akasimama mbele yetu.

— Hamjambo hapa?

Mwanamke mwenye umri ule na uso ule huwezi kumjibu umekaa. Waliokuwa kwenye benchi wakaruka wima.

— Shikamoo mama!

Benchi likainuka upande mmoja, na Breki akashuka upande wa pili, miguu juu, kahawa kifuani.

— Marahaba. Akamtazama Breki chini pale. — Usiinuke, mwanangu, nimekwisha kukuona.

— Mama, nilikuwa nakuja...

— Naona. Nimekaa stendi mpaka muuza karanga akanihurumia akanipa kiti. Hii ndiyo yenyewe? Mbona ina bandeji?

— Tunaitibu, mama, Profesa akasema, akakivuta kitambaa taratibu kama mtu anayejikuna tu.

Nilimpa kiti changu na kahawa iliyobaki kwenye birika. Alikunywa bila haraka, akaitazama kandambili yake, akatazama huku na huku akitafuta cha kufungia. Akaiona nailoni juu ya kiti cha pikipiki. Akaichukua, akainusa, akakunja pua.

— Hii ilikuwa ya kazi gani?

Profesa alitazama mawingu. Rubani alikunywa kikombe kilichokuwa kitupu tangu asubuhi. Spana akaanza kuichunguza spana yake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa.

— Nimeuliza swali, sikuleta kesi. Ilikuwa ya kazi gani?

Breki akaanza kujipangusa kahawa kifuani.

— Basi kama haina kazi, naichukua.

Akaisokota, akaipitisha kwenye tundu la kandambili, akakaza fundo kwa meno. Akavaa, akakanyaga chini kwa nguvu, ikashika.

— Stendi umeshindwa, akamwambia Breki. — Bado kuna kutoka hapa mpaka nyumbani kwako. Ikinizimikia, nazifunga nguo za mwanangu leoleo. Washa.

Breki akafunga kifuniko cha tangi bila kutandika kitu chini yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumdai mama mkwe nailoni. Kiki moja. Mama mkwe akapanda, begi mapajani, wakaondoka.

Pale kijiweni tukatega masikio. Sauti ikapanda, ikafika kwenye mashine, ikachanganyika na ngurumo yake. Spana akafumba macho. Kisha tukaisikia upande wa pili, nyembamba kama nzi, inakwenda zake mpaka ikapotea.

— Kioo, Rubani akasema.

— Plagi. Plagi huwa inachelewa kukubali, Spana akasema.

— Kitambaa, Profesa akasema.

— Ulikuwa umeshakitoa, Rubani akasema.

— Ilishajifunza.

Mimi pikipiki siijui. Najua tu kwamba kioo kilikuwa kilekile, plagi ileile, na kilichotoka pale siku ile kiliondoka kimefungwa kwenye kandambili ya mama mkwe. Sikusema. Wangepiga kura.

Siku chache baadaye Breki alipita, mkewe amekaa nyuma kajitanda kanga, amenenepa kidogo kwa kupikiwa na mama yake. Alipiga honi. Kusimama hakusimama.

— Mnaona? Profesa akasema, macho yana unyevu. — Tumeirudisha nyumba ya mtu. Hapo mtu akitaka shukrani anaonekana mwenye tamaa.

Akaanza kutafuta mgonjwa mwingine. Macho yake yakatua kwenye birika langu, likichemka, mvuke unatoka kwenye kitundu cha kifuniko.

— Bibi, akasema polepole, — unajua kahawa yako yote inatorokea hapo? Spana, hebu tafuta nailoni.

Nikalibeba birika langu, nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo.