Mwalimu Scholastika na Maji ya Misumari

Baba Paroko, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani na wa sasa, majirani wa Mtaa wa Likoma wa dini zote, na ndugu kutoka Masasi mliofika jana na vumbi la safari bado mabegani, familia inawashukuru kwa kukaa nasi kwenye jua hili, na kabla ya kuanza tunawaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu historia hii ina sehemu ambayo msibani kwa kawaida hurukwa, nayo inamhusu mgane wetu, Mzee Athanas Mrope, na ni yeye mwenyewe aliyetuambia kwamba tukiiruka atasimama aisome yeye, nasi tunaomfahamu tukaona heri tuisome sisi.

Mwalimu Scholastika Isidori Namkulala alizaliwa tarehe 10 Februari 1950 huko Ndanda, Wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Isidori, seremala wa misheni, na Bibi Clotilda, mkunga na mjuzi wa mizizi, na jina hilo alipewa kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Scholastika, somo wake. Tangu mdogo alimbebea mama yake kikapu porini, akaonywa mapema kwamba mti wa dawa hautajwi jina mbele ya mgonjwa, na ndugu zake wanasimulia kwamba alikuwa mtoto wa maswali mpaka watu wazima wakimwona wanabadili njia, maana alitaka kuelezwa ndani ya ule mzizi kuna kitu gani hasa kinachomponya mtu, na jibu la kwamba ndivyo tulivyokuta halikumtosha hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ndanda kuanzia mwaka 1958 hadi 1965, sekondari ya wasichana Masasi kuanzia 1966 hadi 1969, kisha akajiunga na ualimu Chang'ombe, Dar es Salaam, mwaka 1970, akihitimu mwishoni mwa 1971 katika masomo ya kemia na biolojia. Alipangiwa kazi Mtwara mwezi Januari 1972, na huko ndiko alikokutana na kijana mmoja fundi wa mashine, mrefu, mpole, asiyejua kucheza dansi, ambaye kila Jumapili baada ya misa alijifanya ana baiskeli ya kutengeneza karibu na nyumba za walimu, hata pale ambapo baiskeli haikuwa na ubovu wowote.

Kijana huyo ni Athanas, na walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 5 Novemba 1977, wakabarikiwa watoto watatu, Ritha aliyezaliwa 1978, Melkiori aliyezaliwa 1981, na Clotilda, aliyerithi jina la bibi yake, aliyezaliwa 1986. Mwaka 1979 walihamia Dar es Salaam, Athanas akapata kazi katika karakana moja ya vipuri Gerezani, naye Mwalimu akapangiwa sekondari ya kutwa upande wa Mnazi Mmoja, wakapanga vyumba viwili hapa Likoma, nyuma ya duka la viungo na chupa la Bwana Harilal na mkewe, Bi Nayna, ambao wapo nasi hapa leo, na Bi Nayna na marehemu wakawa marafiki wa kuazimana kila kitu, kuanzia ungo mpaka watoto.

Wanafunzi wake wa miaka ile wanajua hali ilivyokuwa, maabara ilikuwa na meza, mabomba makavu, na kabati lenye chupa tupu, na Mwalimu aliposhauriwa afundishe kemia kwa kuchora ubaoni alijibu kwamba hata mapishi hayafundishwi kwa kuchora, akatoka na kikapu kama cha mama yake, akaenda sokoni Kariakoo. Alirudi na choya, yale maua ya sharubati, akaichemsha, na maji yake mekundu yakawaonyesha watoto kipi asidi na kipi besi, wakipima limau, magadi na sabuni ya mche, na kwa kuwa alihitaji maji ya chuma ya kutambulia tanini, ile inayofanya majani ya mpera yakaze mdomo, Athanas alimletea kutoka Gerezani misumari yenye kutu, naye Mwalimu akailoweka kwenye siki wiki nzima, akapata dawa ya maabara ambayo ukiidondoshea maji ya mpera yanakuwa meusi kama wino. Bwana Harilal alitoa chupa, naye kila alipoulizwa na wateja ile harufu ya siki uani inatoka wapi, alijibu kwa fahari kwamba ni chuo kikuu.

Ndipo ikaja miaka ya biashara huria, maduka yakajaa, mitumba ikafika, vidonge vya kila rangi vikauzwa barabarani kwenye mifuko ya nailoni, na mwaka 1992 karakana ya Athanas ikabinafsishwa, yeye na wenzake wakapunguzwa kazi. Alikaa nyumbani miezi mitano, na wanawe wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri, anavaa ovaroli, halafu anakaa kwenye kiti, mpaka Bibi Clotilda aliyekuwa amekuja kutibiwa macho akamhurumia mkwewe, akamfundisha dawa yake ya maungo, unga wa mizizi ya mlonge, na Athanas akafungua meza ya miti shamba nje ya soko, jirani na Mzee Uwesu, mtu wa Newala, aliyekuwa mkongwe wa kazi hiyo. Alifunga unga wake kwenye vipande vya karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa, ambazo Mwalimu alizileta nyumbani za kuwashia jiko.

Mwanzoni dawa ilikwenda polepole, kisha mwanzoni mwa 1994 ikaanza kugombewa, watu wakitoka mpaka bandarini, makuli wenye migongo inayouma, wakisema ukinywa asubuhi mchana unacheka, na Mwalimu alifurahi kwa ajili ya mumewe, akawa anamtania mbele ya wageni kwamba sasa nyumbani kuna daktari. Bi Nayna naye, kwa ajili ya magoti yake, akaanza kuinywa kila siku, na hakulipishwa, maana ni jirani, na tarehe 13 Juni 1994 akatapika damu, akakimbizwa hospitali, madaktari wakakuta vidonda vya tumbo vinavuja na wakashindwa kujua vimechokozwa na nini, kwa sababu aliulizwa ametumia dawa gani akasema hakuna, miti shamba tu.

Alhamisi tarehe 16 Juni 1994, Mwalimu alikuwa na Kidato cha Nne, wanafunzi arobaini na wawili, kila kundi limeleta unga mmoja wa dawa kutoka nyumbani au sokoni ili wauchemshe na kuupima kwa maji ya misumari, na ubaoni alikuwa amechora jedwali, dawa, rangi, na imetoka wapi, na wote mnajua jinsi alivyokuwa hana masihara na chumba cha jedwali kilichoachwa wazi. Makundi mengi yalipata weusi, mengine hayakupata kitu, kisha kijana Abbasi, ambaye leo anasomea ualimu wa kemia na yupo hapa, akanyanyua chupa yake akasema, "Mwalimu, mbona ya kwetu zambarau?" Mwalimu aliitazama, akaomba wairudie, ikawa zambarau tena, na yeye aliijua rangi ile, kwamba haitoki kwenye mzizi wa mlonge hata kidogo, ni rangi ya aspirini iliyosagwa, dawa ambayo mtu mwenye vidonda vya tumbo haruhusiwi kuigusa. Aliokota karatasi iliyofungia unga ili ajue umetoka wapi, na juu yake akasoma kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe, "Soma swali tena."

Abbasi anasema darasa zima lilimwona akikaa kitako kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya kipindi kikiendelea, na kwamba angeweza kabisa kusema chupa ilikuwa chafu, wangemwamini, lakini aliinuka, akachukua chaki, kwenye chumba cha rangi akaandika zambarau, na kwenye chumba cha imetoka wapi akaandika, nyumbani kwa Mwalimu. Kisha aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akatembea kwa miguu mpaka hospitali, akawaeleza madaktari kitu alichokuwa akimeza Bi Nayna, matibabu yakabadilishwa siku hiyo hiyo, na akakaa pembeni ya kitanda akimshika rafiki yake mkono, akilia waziwazi.

Nyumbani hakupiga kelele, na Mzee Athanas anasema angefurahi kama angepigiwa. Mwalimu aliweka glasi mezani, akachemsha unga wa kwenye debe la mumewe, akadondosha maji ya misumari, ikawa zambarau, akamwachia aangalie mwenyewe, ndipo mumewe akasema, "Mama Ritha, watu wanataka wapone leo leo," akaeleza kwamba wateja walimlalamikia dawa inachelewa, wakimwita mbabaishaji, naye akaona aibu kupoteza kazi mara ya pili, akaanza kusaga vidonge vichache, kisha vingi, na hakuna aliyeuliza, maana dawa ya miti haiulizwi ina nini. Mwalimu alimjibu neno moja tu, "Nayna," na Mzee Athanas anatuambia kwamba kuanzia hapo alijua kilichovunjika si biashara, ni kwamba mkewe hawezi tena kupokea kitu kutoka mkononi mwake bila kujiuliza, na hilo ndilo lililomtesa miaka yote iliyofuata.

Athanas alikwenda kwa Bwana Harilal akakiri, Harilal akamwambia ya msamaha akazungumze na Nayna mwenyewe akipona, na Bi Nayna alipotoka hospitali alimsamehe, ingawa kwanza alimweka amesimama mlangoni robo saa akimsema kama mtoto. Kwa mwezi mzima Athanas alisimama kwenye meza yake isiyo na dawa, akiwaambia wateja mmoja mmoja alichokuwa amewanywesha, wengine wakamtukana, mmoja akampiga kofi. Aliporudi kuuza, kila pakiti ilikuwa na jina la mti kwa maandishi, kinyume na desturi ya wenzake, Mzee Uwesu akamnunia miezi miwili kwa kuanika siri za kazi, na kabla ya kila fungu kwenda sokoni, Jumamosi asubuhi alimwekea mkewe mezani unga, glasi, na chupa ya maji ya misumari, bila kuambiwa, naye alipima, akatikisa kichwa kukubali, na maneno yakawa hayo tu.

Katika Jumamosi hizo likatokea jambo lisilotarajiwa, Mzee Uwesu mwenyewe alipita siku moja na kifurushi chini ya kanzu, akasema, "Mwalimu, hebu niangalizie na hii yangu," na baada yake wakaja wengine, mpaka uani kwa Harilal kukawa na benchi la wauza dawa wakisubiri zamu, na Mwalimu aliwaleta wanafunzi wake wapime na kuandika, wazee wakiwafundisha miti, watoto wakiwaonyesha rangi. Kutokana na kazi hiyo aliandika mwaka 1996 kitabu kidogo cha masomo thelathini ya kemia kwa mimea ya sokoni, kikapigwa chapa kwa mashine ya stensili, na walimu wamekuwa wakikifuata kutoka Lindi hadi Morogoro.

Mwezi Machi 1998 Mwalimu alianza kuumwa tumbo na kukonda, akagundulika na saratani, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kuanzia Septemba alikuwa wa kitandani, na hata hapo Jumamosi aliletewa glasi zake kwenye stuli, akapima. Aliitwa na Mungu Jumanne tarehe 13 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane na miezi minane, ameacha mume, watoto watatu, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumwambia ukweli kila alipoutaka, majirani, hasa Bi Nayna, aliyemwogesha kwa mikono yake wiki tatu za mwisho na kukataa kupokewa zamu, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake, wauza dawa wa Kariakoo waliofunga meza zao leo, na wote tusioweza kuwataja.

Shukrani ya mwisho inatoka kwa Mzee Athanas, na inakwenda kwa marehemu. Asubuhi ile ya Jumanne, saa moja, Mwalimu alisikia kichefuchefu, akaomba mchaichai, naye Mzee akaenda jikoni, akauchemsha, akaja na kikombe, na kama ilivyo kawaida yao akaweka pembeni glasi na chupa ya maji ya misumari, akasubiri. Mwalimu aliitazama chupa, akaisukuma kwa kiganja mpaka ukingoni mwa stuli, akamwambia, "Baba Ritha, ninyweshe," na Mzee Athanas akamwinua kichwa, akamnywesha, naye akanywa mpaka kikombe kikaisha. Kwa hilo mumeo anasema asante, Mwalimu, nasi sote tunasema, pumzika kwa amani.