Supu Iliyokuja na Chumvi Yake

Mbele ya duka la Mama Kuk, nyuma ya soko la ngisi la Sokcho, mji wa bandari wa Korea Kusini, kuna benchi pana la mbao ambalo limechoka kubeba watu wale wale. Yupo Kapteni, ambaye hajawahi kuongoza chombo chochote zaidi ya baiskeli. Yupo Wakili, aliyehudhuria kesi moja tu maishani mwake, nayo ni yake mwenyewe. Na yupo Redio. Ujanani walikuwa mabaharia wa meli moja. Askari wa Korea Kaskazini waliwakamata baharini, wakakaa nao, kisha wakawarudisha. Polisi wa kwao wakawapokea bandarini kama majasusi. Waliteswa hadi wakakiri. Redio alikiri kuficha redio ambayo hakuwahi kuiona. Majira ya baridi yaliyopita, wakiwa wazee, mahakama ilisema hawakuwa na hatia, na jaji akasimama akawainamia. Tangu hapo watoto wa mabaharia wale wamewatafutia chumba nyuma ya kanisa. Kila Jumatano wazee hukaa, husema yaliyo kifuani, hula. Jumatano iliyopita mezani iliwekwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Wazee waliweka vijiko chini, mmoja baada ya mwingine, wakatoka nje. Hakuna aliyesema sababu. Leo ni Jumanne.

Mama Kuk alimimina kahawa ya pakiti katika vikombe vya karatasi, akaikoroga kwa pakiti yenyewe.

Mama Kuk: Kunyweni taratibu. Zimebaki chache, na lori la bidhaa halijafika.

Kapteni: Mimi nishasema. Ni nyama. Ile nyama ya Australia. Ng'ombe wa kule hajapigwa na baridi, mifupa yake haina neno.

Wakili: Acha kamba, Kapteni. Ulionja?

Kapteni: Baharia haonji, ananusa. Wahenga walisema wapishi wengi, mchuzi huharibika.

Mama Kuk: Mpishi ni mmoja.

Kapteni: Basi huyo mmoja ana mikono mingi.

Wakili: Tatizo lenu hamjui sheria. Mimi nimesimama mahakamani, najua. Supu ikiletwa kabla mtu hajaiagiza, hiyo si supu tena. Ni kishawishi. Na maneno yaliyopatikana kwa kishawishi hayawezi...

Alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba sentensi imedondokea humo.

Mama Kuk: Hayawezi nini?

Wakili: Hayawezi. Basi.

Kapteni: Nyote hamjui. Hawa ni wacheza dansi.

Mama Kuk: Wacheza dansi tena?

Kapteni: Kina mama wa dansi wanakitaka chumba kile tangu zamani. Kina kioo. Mchungaji kasema nini? Kesho asipofika mzee hata mmoja, wanapewa wao. Sasa nani anafaidika supu ikiharibika? Fungua akili, Mama. Wana mtu wao jikoni. Anapeleka habari kila siku. Kwa redio!

Wote wakamtazama Redio.

Redio: Mwenye redio mji huu ni mimi peke yangu. Nina hati ya polisi.

Walicheka, hata Mama Kuk, ambaye hapendi mzaha huo. Lakini yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Mama Kuk: Chekeni. Mimi nimekutana na mkeo asubuhi, Redio.

Redio: Ana domo yule.

Mama Kuk: Ana macho mekundu. Anasema tangu uolewe naye...

Redio: Nimuoe.

Mama Kuk: Nyie wawili, nani alimuoa nani, mji mzima unajua. Anasema tangu mwanzo wa ndoa unalala umeketi, mgongo ukutani, uso mlangoni. Zilipoanza Jumatano hizi ukajinyoosha kitandani kama ngisi juu ya kamba. Akakaa macho akikutazama, hakuamini. Sasa tangu siku ya supu umerudi ukutani. Hebu niambie, kesho unakwenda ama huendi?

Redio: Ukuta nao una haki zake.

Kapteni: Kweli. Wahenga walisema kuta zina masikio.

Wakili: Hiyo inahusu nini sasa?

Kapteni: Inahusu ukuta, bwana!

Wakati huo mwanamke wa makamo alitokea upande wa kanisani, amevaa aproni, amekumbatia sufuria tupu kubwa kuliko kifua chake. Alikuwa Bi. Tak, mpishi wa Jumatano, aliyehamia mwaka huu kutoka kusini kumfuata binti yake. Aliinamisha kichwa kuwasalimu, akaweka sufuria chini, akaomba kahawa. Kapteni alisogea kumpisha, kisha akasogea tena, kwa mtu aliyemwita jasusi muda mfupi uliopita.

Bi. Tak: Wazee wangu, samahani. Nawauliza jambo moja tu, kisha niende zangu. Supu yangu ilikosa nini?

Wakili alikunja kikombe chake kitupu. Kapteni alikuwa na nadharia tatu mdomoni na zote zikakwama.

Kapteni: Mama... ile nyama... ilitoka wapi kwani?

Bi. Tak: Kwa mchinjaji wa hapa sokoni. Anamfuga mwenyewe ng'ombe wake.

Kapteni: Ahaa. Ndiyo hiyo.

Bi. Tak: Ndiyo hiyo nini, baba? Mifupa niliichemsha kutwa nzima hadi mchuzi ukawa mweupe. Vitunguu nilikata vidogo vidogo, meno yasipate taabu. Hata chumvi niliwatilia mwenyewe jikoni, bakuli kwa bakuli. Niliona mikono yenu inatetemeka, nikasema nisiwachoshe.

Redio aliweka kikombe chini.

Kila mtu Korea anajua supu hiyo huja mezani bila chumvi. Kopo la chumvi hukaa katikati ya meza na kila mlaji hujitilia mwenyewe. Mtoto akianza kujitilia, husemwa amekua.

Redio: Wewe ndiye uliyetia?

Bi. Tak: Mimi, baba. Nilikosea?

Redio aliongea na ile sufuria.

Redio: Kule kituoni, chini, tulipokuwa tumemalizwa kwa maji ya pilipili yaliyomiminwa puani, waliniletea supu hiyo. Mikono yangu ilikuwa nyuma, imefungwa. Mpelelezi akatia chumvi. Akakoroga. Akaonja kwa kijiko changu, akasema, "Sasa imekolea." Akanilisha, polepole, kama mtoto. Nikala. Nikaimaliza yote. Kisha wakanifungua mkono mmoja nikaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Mama Kuk alikaa kwenye ukingo wa benchi. Huwa hakai.

Redio: Waliponipiga sikusema. Nilisema baada ya kushiba. Jaji ameniinamia mbele ya watu wote, na mimi moyoni nasema, huyu hajui kuhusu lile bakuli.

Wakili: Redio.

Redio: Nimewauza kwa bakuli moja, ndugu zangu.

Wakili: Umemuuza nani, we mzee? Mimi nilikuwa chumba cha pili. Ya kwangu niliimaliza kabla yako. Nikaomba kimchi.

Redio aligeuka kumtazama.

Redio: Uliomba kimchi?

Wakili: Supu hiyo bila kimchi, bila kabichi kali ya pilipili, inaliwaje?

Kapteni: Mimi niliomba wali wa nyongeza.

Redio: Wakakupa?

Kapteni: Wakanipa kofi. Halafu wakanipa wali. Nikasema moyoni, kwa utaratibu huu naweza kuomba tena.

Wakili ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa ikatoka kicheko. Kapteni akafuata. Redio alijizuia, mabega yakamtikisika, kisha akacheka kwa sauti ambayo Mama Kuk alisema hajawahi kuisikia dukani kwake, machozi yakimteremka hadi kidevuni. Wote watatu walikula. Wote watatu, kila mmoja nyuma ya ukuta wake, walimaliza bakuli, na kila mmoja amelificha bakuli hilo kwa wenzake tangu ujana.

Wakili: Ndiyo nikawa nasema. Maneno yaliyopatikana kwa kishawishi hayawezi kuhesabiwa.

Redio: Sheria hiyo ipo?

Wakili: Kama haipo, waiandike.

Bi. Tak hakucheka. Alikuwa amefunika mdomo kwa aproni.

Bi. Tak: Nisameheni. Laiti ningejua, nisingepeleka mkono wangu kwenye mabakuli yenu.

Redio: Usilie, mama. Supu yako ilikuwa tamu. Hata ya kule chini ilikuwa tamu. Hapo ndipo palipotuumiza.

Kapteni: Wahenga walisema cha mtu mavi.

Mama Kuk: Kapteni!

Kapteni: Nasema tu, wahenga walisema. Na kwa mara ya kwanza leo nimepatia.

Bi. Tak: Basi kesho nitapika samaki. Au maandazi ya nyama. Chochote mtakacho.

Kapteni alifungua mdomo, kwa kuwa ana maoni kuhusu samaki. Redio aliinua kidole.

Redio: Pika ileile.

Bi. Tak: Ileile, baba?

Redio: Ileile. Chumvi iweke mezani.

Wakili: Katikati, kila mkono ufike.

Mama Kuk: Na kesho anayetetemeka?

Redio: Atamwaga. Tutafagia.

Bi. Tak alisimama, akainua sufuria yake. Alikwisha piga hatua kuelekea sokoni alipokumbuka jambo akarudi.

Bi. Tak: Ninunue kopo dogo au kubwa? Huwa mnapenda chumvi kiasi gani?

Walitazamana. Kapteni akamtazama Wakili, Wakili akamtazama Redio. Redio alikunja vidole vitatu juu ya kikombe kitupu, kama mtu anayenyunyiza kitu. Akasita. Akaongeza kidogo hewani, kisha akatikisa kichwa.

Redio: Hilo, mama, hatujui. Tangu kule chini hatujajitilia wenyewe.

Kapteni: Kubwa! Nunua kubwa!

Mama Kuk alikuwa amekwisha kukusanya vikombe. Kahawa, alisema, imekwisha. Na Redio aende nyumbani sasa hivi, kitanda kimetandikwa.